Kuchagua tambla ya kusafishia vipuri vidogo vya magari: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Koboko

Mji wa Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, uko mahali ambapo mipaka ya Uganda, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakaribiana. Lori linalotoka Kampala kupitia Arua hufika Koboko kabla ya kuingia Oraba, na ng'ambo ya Oraba ni Kaya, njia ya kwenda Yei. Upande wa magharibi ni Kongo. Barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, imewekwa lami, lakini magari mengi yanayoipita huendelea na safari kwenye barabara za vumbi na matope ng'ambo ya mpaka. Huko ndiko breki, springi na bolti zinakoumia.

Kwa hiyo vipuri vilivyotumika havikosi mnunuzi katika eneo hili. Aidha, tangu sheria ya mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingizwa nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, jambo linalowafanya wenye magari ya zamani kuyatunza waliyonayo badala ya kuagiza mengine ya umri huo huo. Gari likishindikana hufunguliwa, na kila nati, pini, washa na mkono wa vali hutafutiwa gari jingine.

Tatizo ni usafi. Vipuri vidogo hutoka vikiwa vimeshikwa na kutu, grisi na masizi. Njia iliyozoeleka gereji ni beseni, petroli na brashi ya waya, kazi inayokula siku nzima ya kijana mmoja na kuhatarisha mapafu yake, achilia mbali moto. Ndiyo maana wafanyabiashara wenye mzigo mkubwa hufikiria kununua tambla.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua mashine hiyo kulingana na aina ya vipuri na hali ya umeme. Inaeleza pia jambo ambalo wauza mashine hawalisemi: tambla husafisha tu. Bolti iliyochoka ikitoka humo iking'aa, bado ni bolti iliyochoka.

TAMBLA NI NINI

Tambla ni mashine yenye chombo ambamo vipuri huwekwa pamoja na visugulio, yaani vipande vidogo vya mawe ya kauri, plastiki, chuma au hata magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Chombo kikizungushwa au kikitikiswa, visugulio huteleza juu ya vipuri na kuvisugua kila upande, pamoja na pembe na mifereji ambayo brashi haifiki vizuri. Mara nyingi huongezwa maji yenye sabuni ili kuondoa grisi na kuzuia uchafu uliotoka usirudi kunata.

Mashine hizi zimo katika makundi mawili makubwa.

Tambla ya pipa. Hili ni pipa lililolazwa, linalozunguka polepole juu ya rola au ekseli. Mzigo hupanda upande mmoja wa pipa kisha huporomoka. Ni mashine rahisi, mota yake ni ndogo, na fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza ikiharibika. Ubaya wake ni muda: kutu ya kawaida huhitaji saa 6 hadi 12, na iliyokomaa huweza kufika saa 24. Vipuri pia hugongana zaidi, na mtu hawezi kuchungulia bila kuisimamisha.

Tambla ya bakuli. Hili ni bakuli lililokaa juu ya springi, na chini yake kuna mota yenye uzito uliowekwa upande mmoja. Mota ikizunguka, bakuli lote hutikisika na mzigo huzunguka taratibu kama uji unaokorogwa. Kazi ya saa 12 ya pipa huweza kumalizika kwa saa 2 hadi 4. Vipuri havianguki kutoka juu, hivyo nyuzi za bolti huumia kidogo, na mtumiaji anaweza kuchomoa kimoja akakitazama mashine ikiendelea. Hata hivyo bei yake ni kubwa zaidi, ina kelele, na springi zake, beringi za mota na kitambaa cha plastiki au raba cha ndani huchakaa.

Kuna pia tambla za sumaku, ambazo huzungusha sindano ndogo za chuma cha pua ndani ya maji. Hizo ni za vito na vipuri vidogo sana. Kwa mwenye kuuza bolti za Fuso hazina faida.

KWANZA TAZAMA VIPURI VYAKO

Kosa la kawaida ni kuanza na bei ya mashine. Mnunuzi anashauriwa kwanza kuuangalia mzigo anaouza kwa wiki na kuutenga katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vipuri vya chuma vilivyo imara: bolti na nati za kawaida, washa, mabano, pini za springi, vifuniko, gia za pikipiki na minyororo iliyofunguliwa. Hivi vinafaa kwa pipa na kwa bakuli.

Fungu la pili ni vipuri vya alumini, zinki na shaba ya njano, kwa mfano bodi za kabureta, vifuniko vya pampu na viunganishi vya mabomba. Hivi ni laini, hivyo vinahitaji bakuli na visugulio vya plastiki au magunzi. Visichanganywe na chuma katika mzigo mmoja, kwa sababu chuma hukwaruza alumini na kuacha chembe ambazo baadaye huota kutu juu yake. Vumbi la alumini nalo hushika moto, kwa hiyo alumini isuguliwe ikiwa na maji, si kavu.

Fungu la tatu ni vipuri visivyopaswa kuingia kwenye tambla yoyote:

- Beringi zilizo kamili. Chembe za visugulio huingia ndani na hazitoki zote.
- Nozeli na sindano za injekta, pamoja na plunja za pampu ya dizeli. Nyuso zake zimesagwa kwa usahihi mkubwa, na mkwaruzo usioonekana kwa macho unatosha kuziharibu.
- Jeti za kabureta zenye tundu dogo. Kisugulio kimoja kikikwama humo, pikipiki haitawaka.
- Vipuri vya breki vyenye vumbi la bitana, kama vinasuguliwa vikavu. Bitana za zamani huweza kuwa na asbesto, na vumbi lake husababisha saratani. Vioshwe kwa maji kwanza, visipulizwe kwa kompresa.
- Kitu chochote chenye sili ya raba, waya au plastiki iliyogandishwa.

Ikiwa sehemu kubwa ya mauzo iko katika fungu la kwanza, pipa linatosha. Ikiwa fungu la pili ni kubwa, au mteja anataka nyuzi zisizo na alama, bakuli ndilo chaguo. Na ikiwa sehemu kubwa iko katika fungu la tatu, mfanyabiashara abaki na fedha zake, kwani mashine hii si yake.

UMEME NDIO HUAMUA

Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa la Uganda. Ilitegemea jenereta, na baadaye kituo cha maji cha Nyagak I, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilichoanza kazi mwaka 2012 katika wilaya ya Zombo. Mwaka 2024 laini ya kilovolti 132 ilifika Arua na kuliunganisha eneo hilo na gridi. Hata hivyo, gereji nyingi za pembezoni na zile za ng'ambo ya mpaka bado zinatumia jenereta, na umeme kukatika ni jambo la kupangia tangu mwanzo.

Hapa ndipo hesabu ya pipa na bakuli inapobadilika. Tuchukue mfano wa pipa lenye mota ya wati 250 linalofanya kazi saa 12. Litatumia uniti 3 za umeme. Bakuli lenye mota ya wati 750 likifanya kazi saa 3 litatumia uniti 2.25. Kwa mwenye umeme wa gridi, tofauti hiyo ni ndogo, na bei nafuu ya pipa ndiyo inayoshinda.

Kwa mwenye jenereta mambo ni tofauti. Jenereta hunywa mafuta kwa kuwa tu inazunguka, hata mzigo ukiwa mdogo. Pipa litaifanya iwake saa 12, bakuli saa 3. Mwenye jenereta huhesabu saa, si uniti. Kwa hiyo bakuli la bei kubwa huweza kurudisha fedha zake mapema kwa mafuta yaliyookolewa, hasa kama jenereta inawashwa kwa ajili ya tambla peke yake. Kama jenereta inawaka mchana kutwa kwa ajili ya kuchomelea na kompresa, pipa linaweza kuunganishwa hapo bila gharama kubwa ya ziada.

Jambo la pili ni ukubwa wa jenereta. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Mota ya wati 750 isiunganishwe kwenye jenereta ndogo ya wati 1,000 kwa kuamini kwamba inatosha. Jenereta yenye uwezo wa mara tatu ya mota ni salama zaidi.

Jambo la tatu ni aina ya umeme wenyewe. Uganda hutumia volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotumika kutoka Marekani huwa ya volti 110 hadi 120 na mizunguko 60, na ya Japani huwa ya volti 100. Transfoma hurekebisha volti, lakini haibadilishi mizunguko. Mota ya mizunguko 60 ikiwekwa kwenye 50 hupungua mwendo kwa karibu sehemu moja ya sita, na huweza kupata joto kupita kiasi. Kwa pipa, mwendo huo hurekebishwa kwa kubadili puli. Kwa bakuli, mtikisiko hulegea na mzigo huweza kukwama. Kibati cha mota kisomwe kabla ya fedha kutolewa. Kama hakipo au kimefutika, bei ishuke au mnunuzi aondoke.

Mwisho kuhusu umeme: mzigo wenye maji usiachwe usiku kucha bila mtu. Umeme ukikatika saa nane usiku, vipuri vilivyoanza kung'aa vitalala ndani ya maji, na asubuhi vitakutwa na kutu mpya ya rangi ya chungwa. Anayefanya kazi usiku aongeze dawa ya kuzuia kutu kwenye maji, au atumie visugulio vikavu.

UKUBWA: PIMA KWA LITA, KISHA KWA KILO

Wauzaji hutaja ukubwa wa chombo kizima, lakini chombo hakijazwi vipuri peke yake. Bakuli hujazwa hadi asilimia 80 au 90. Pipa hujazwa nusu au zaidi kidogo, kwani likijaa sana mzigo hauporomoki na kazi haifanyiki.

Ndani ya ujazo huo, kanuni ya kuanzia ni mafungu matatu ya visugulio kwa fungu moja la vipuri. Vipuri vigumu visivyo na hofu ya alama huweza kuwekwa viwili kwa kimoja. Vipuri laini vinahitaji vinne au zaidi kwa kimoja ili visigongane.

Kwa hiyo bakuli la lita 20 hubeba lita 16 hadi 18 kwa jumla, na kati ya hizo vipuri ni lita 4 tu au zaidi kidogo. Mfanyabiashara achukue ndoo ya lita 20, aijaze vipuri vya wiki moja, aone ni ndoo ngapi. Akipata ndoo mbili, yaani lita 40, bakuli hilo litahitaji mizigo kama 10 kwa wiki, ambayo inawezekana. Akipata ndoo kumi, anahitaji mashine kubwa zaidi au mbili ndogo. Mbili ndogo zina faida ya ziada: moja ya chuma, nyingine ya alumini, na ikiharibika moja kazi haisimami.

Uzito nao uangaliwe. Lita moja ya visugulio vya kauri ina kilo 1.5 hivi. Lita moja ya vile vya chuma huweza kukaribia kilo 5. Bakuli lililotengenezwa kubeba lita 15 za kauri, yaani kilo 22 au 23, likijazwa chuma litabebeshwa kilo 70 na zaidi. Springi zitalala na mota itaungua. Kabla ya kununua, muuzaji aulizwe mashine inabeba kilo ngapi, si lita ngapi peke yake.

VISUGULIO VIPI?

Kauri hukata kutu vizuri na hudumu. Maumbo ya pembe tatu hufika kwenye kona, lakini saizi ichaguliwe ili kisugulio kisikwame kwenye tundu. Kanuni ni rahisi: kiwe kikubwa kuliko tundu, au kidogo kiasi cha kupita bila kugusa kuta zake. Kilicho karibu sawa na tundu ndicho kinachokwama.

Plastiki ni nyepesi na laini, inafaa alumini na shaba ya njano. Vipande vya chuma vinang'arisha zaidi kuliko kukata kutu, na vinahitaji mashine imara.

Magunzi ya mahindi yaliyosagwa hukausha vipuri vilivyotoka kwenye maji na kuondoa mafuta mepesi. Haya yanapatikana West Nile kila baada ya mavuno. Yakaushwe vizuri juani, yasagwe, kisha yachekechwe ili vumbi litoke. Yakichafuka kwa grisi yatupwe. Vumbi la mbao ngumu hufanya kazi hiyo hiyo ya kukausha.

Mchanga wa mtoni na kokoto hutumiwa na baadhi ya mafundi kwa kuwa havina gharama. Kwenye mabano na nati kubwa huweza kusaidia vikiwa na maji. Lakini mchanga haulingani ukubwa, huingia kwenye nyuzi, na ukisuguliwa mkavu hutoa vumbi la silika linaloharibu mapafu moja kwa moja. Mchanga mkavu usitumike.

MAJI, SABUNI NA VITU VYA KUEPUKA

Maji na sabuni ya unga kidogo yanatosha kwa kazi nyingi. Vipuri vyenye grisi nzito vilowekwe kwanza kwenye dizeli au mafuta ya taa, vifutwe, vioshwe kwa sabuni, ndipo viingie. Grisi ikiingia kwenye tambla hufunika visugulio na kuvifanya viteleze bila kusugua.

Petroli isiwekwe kabisa ndani ya tambla. Mvuke wake hushika moto hata wakati wa baridi, na cheche moja ya swichi inatosha.

Soda ya kutengenezea sabuni huondoa grisi kwenye chuma, lakini ikigusa alumini huila na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo huwaka na kulipuka. Ndani ya pipa lililofungwa kabisa, hewa hiyo huweza kurusha kifuniko. Maji ya betri nayo yaepukwe. Mbali na kuunguza ngozi, tindikali huingiza haidrojeni ndani ya bolti ngumu, zile zenye alama 10.9 au 12.9 kichwani, na kwenye springi. Bolti hiyo hutoka ikiwa nzuri kwa macho, kisha hukatika ghafla baada ya kukazwa.

Maji machafu yanayotoka yana mafuta, kutu na chembe za metali. Yasimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Yaachwe yatulie kwenye pipa, mafuta yaenguliwe juu, tope likusanywe chini, na maji ya katikati yatumike tena kwa mzigo wa kwanza wa kesho.

PIPA LA KUTENGENEZEWA NA FUNDI

Mwenye mtaji mdogo anaweza kutengenezewa pipa na mchomeleaji wa Arua au Koboko. Jambo la kuzingatia ni mwendo. Pipa likizunguka upesi mno, mzigo hugandamana ukutani na haushuki. Mwendo huo wa ukomo hupatikana kwa kugawa 42.3 kwa kipeuo cha pili cha upana wa pipa kwa mita. Mwendo wa kazi uwe nusu yake hadi asilimia 60:

- Pipa la upana wa sentimita 30: ukomo ni mizunguko 77 kwa dakika, kazi ni 38 hadi 46.
- Sentimita 40: ukomo ni 67, kazi ni 33 hadi 40.
- Sentimita 57, upana wa pipa la lita 200: ukomo ni 56, kazi ni 28 hadi 34.

Mota ya kawaida huzunguka mara 1,440 kwa dakika. Kwa pipa la sentimita 40, puli ya milimita 50 ikivuta ya milimita 320, na hatua hiyo ikirudiwa mara ya pili, mwendo hushuka hadi karibu 35, ambao unafaa.

Pipa lenye pembe sita au nane hugeuza mzigo vizuri kuliko la duara. Ndani livikwe raba ya tairi la zamani ili kupunguza kelele na kulinda nyuzi. Kifuniko kiwe na tundu dogo la kupumulia upande wa katikati. Mikanda na puli zifunikwe kwa wavu, maana shati la kijana likishikwa na mkanda halirudi.

Mashine ya kuchanganya zege nayo huweza kutumika kwa vipuri vikubwa vilivyo imara, lakini vyuma vya ndani vya kugeuzia zege hupiga vipuri kwa nguvu. Bolti zenye nyuzi nyembamba zisiingizwe humo.

KUAGIZA NA KUSAFIRISHA

Anayeagiza mashine kutoka nje ya Afrika Mashariki atambue kwamba ushuru hutegemea kifungu ambacho mashine imewekwa katika jedwali la ushuru wa pamoja wa Jumuiya, lenye viwango vya asilimia 0, 10, 25, na 35 kilichoongezwa Julai 2022. Wakala wa forodha aulizwe kifungu kabla ya kulipa muuzaji, si baada ya mzigo kufika Mombasa. Kodi ya ongezeko la thamani Uganda ni asilimia 18. Visugulio huhesabiwa kivyake, hivyo ankara ivitaje kando na mashine.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Wafanyabiashara wadogo mipakani huzoea kutumia hati rahisi ya asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Hati hiyo ni ya bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Tambla ya China au Japani haistahili, hata kama ilinunuliwa Kampala na risiti ipo. Hali ni hiyo hiyo kwa bolti zilizotumika kutoka Dubai: kuzisafisha Koboko hakuzifanyi kuwa bidhaa ya Uganda.

Wasafirishaji wanashauriwa kufunga bakuli lisitikisike juu ya springi zake wakati wa safari, kwa mbao na kamba pande zote. Likiachwa huru kwa kilomita karibu 500 kutoka Kampala hadi Arua, springi hukatika na beringi za mota hupata vishimo kabla mashine haijawashwa hata mara moja. Visugulio visibebwe ndani ya bakuli. Vibebwe kwenye magunia chini, karibu na ekseli.

BAADA YA KUSAFISHA: UKAGUZI NA UAMINIFU

Hapa ndipo faida au hasara kubwa ilipo. Kusugua chuma kwa muda mrefu huweza kulaza metali ya juu na kuziba mdomo wa ufa. Ufa unabaki ndani, lakini hauonekani tena. Kwa hiyo kipuri kinachobeba uhai wa watu kikaguliwe kabla ya kuingia kwenye tambla, baada ya kuondolewa grisi tu.

Njia ya zamani isiyo na gharama ni mafuta ya taa na chaki. Kipuri kilowekwe kwenye mafuta ya taa, kifutwe kikauke, kisha kipakwe chaki ya unga. Penye ufa, mafuta hurudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Njia hii haioni kila ufa, lakini mstari ukionekana kipuri hicho ni chakavu, hakuna mjadala.

Baada ya kusafishwa, kila bolti ipitishwe nati mpya kwa vidole. Ikikwama katikati, nyuzi zimevutika au zimeumia. Urefu wake ulinganishwe na bolti mpya ya aina hiyo, na shingo yake ipimwe kama imekonda. Bolti za silinda hedi, za koni rodi na za magurudumu zilizovutika zisiuzwe hata kama zinang'aa kama fedha.

Tambla pia huondoa zinki iliyopakwa kiwandani. Bolti iliyosafishwa na kuachwa hivyo itaota kutu upesi wakati wa mvua. Ipakwe mafuta mepesi siku hiyo hiyo, na ifungwe kwenye plastiki kwa saizi na alama ya nguvu iliyo kichwani.

Mwisho, mfuko uandikwe wazi kwamba vipuri vimetumika na vimesafishwa, kwa Kiingereza au Kiarabu kwa mzigo wa Sudan Kusini na kwa Kifaransa au Kiswahili kwa wa Kongo, na ankara ya forodha iseme vivyo hivyo. Kuvipitisha kama vipya ni udanganyifu mpakani. Barabarani ni hatari zaidi. Dereva aliyebeba abiria kwenda Yei haoni tofauti kati ya bolti mpya na iliyotoka kwenye tambla. Ataijua siku itakapokatika. Muuzaji anayesema ukweli atauza kwa bei ya chini kidogo, lakini dereva huyo atarudi dukani kwake.

MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI WA MASHINE

- Volti na mizunguko ya umeme ni ipi kwenye kibati cha mota?
- Chombo kinabeba kilo ngapi kikiwa na visugulio na maji?
- Je, inafaa kazi ya maji, au ni ya visugulio vikavu tu?
- Kitambaa cha ndani kina unene gani, na kinabadilishwa vipi?
- Springi, beringi na mikanda yake ni ya saizi zinazopatikana Kampala au Arua?
- Je, inaweza kuwashwa ikiwa imejaa mbele ya mnunuzi, kwa nusu saa na si dakika mbili?

Muuzaji anayekataa swali la mwisho amekwisha jibu mengine yote.